Haro Isiyofanya Kazi Sawasawa: Dalili, Sababu na Maboresho Yanayofaa

Kila Februari, wakulima wa Njoro, Rongai na Trans Nzoia wanapokimbizana na mvua ndefu, haro nyingi, yaani zana za kuvunja udongo uliokwisha kulimwa kwa plau, huletwa karakana zikiwa na ombi lilelile: "Fundi, hii iongezee chuma." Wakati mwingine chuma hicho kinahitajika kweli. Mara nyingi, hata hivyo, haro yenyewe ni nzima, ila pembe ya diski zake haijaguswa tangu siku iliponunuliwa, au shamba limekauka kiasi kwamba hata sururu ingedunda. Chuma kikiongezwa mahali pasipostahili, tatizo la kwanza hubaki palepale na la pili huzaliwa, kwa kawaida ufa kwenye fremu.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili zimetangulizwa sababu zinazopatikana mara nyingi zaidi. Utaratibu wa ukaguzi haubadiliki: kwanza udongo, pili jinsi mashine ilivyopangwa, tatu uchakavu, na mwisho kabisa muundo wenyewe. Maboresho ya muundo yametajwa pale tu ambapo ukaguzi umekwisha kuonyesha kwamba hapana njia nyepesi zaidi.

Haro ya diski inayozungumziwa hapa ni ya aina mbili. Ya kwanza ina safu nne za diski zilizopangwa mfano wa herufi X. Safu zake za mbele huurusha udongo nje, na za nyuma huurudisha ndani. Ya pili ina safu mbili zilizopanuka upande mmoja, ambayo mafundi huiita ofseti. Haro ya meno inayokokotwa na ng'ombe imepewa sehemu yake mwishoni.

Kabla ya kushika spana

Teremsha haro hadi chini, zima injini, na ufunguo wa trekta uwe mfukoni mwa yule atakayeingiza mikono kwenye diski. Ikiwa ni lazima haro iinuliwe ili ikaguliwe, iegemezwe juu ya magogo mazito. Mikono ya haidroliki, inayoinua haro kwa presha ya mafuta, peke yake haitoshi, kwa kuwa mpira mmoja wa mafuta ukipasuka mashine yote hushuka ghafla. Matofali yenye matundu nayo hayafai, kwa sababu hupasuka bila kutoa ishara. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: tepu ya kupimia, kamba, chaki, nyundo, spana, na kipande cha nondo cha milimita 10 chenye urefu wa mita moja, kilichochongwa ncha.

Dalili ya kwanza: haro haizami, inakwaruza juu juu

Lalamiko hili ndilo mama wa malalamiko yote. Sababu yake ya kwanza ni udongo wenyewe. Dunga ile nondo ardhini kwa uzito wa mwili wako mahali pachache tofauti. Ikigoma kwenye sentimita 5 au 6, usiilaumu haro. Haro ya kawaida imeundwa kuvunja udongo uliokwisha kulimwa kwa plau. Kuipeleka kwenye ardhi iliyokanyagwa na ng'ombe tangu mavuno ni kuitaka ifanye kazi ya mwenzake. Lima kwanza, au ngoja mvua kidogo ya kulainisha uso.

Sababu ya pili ni pembe ya safu. Diski hukata kwa sababu zimekaa kimshazari dhidi ya mwendo wa trekta. Zikinyooshwa, huviringika tu kama magurudumu. Haro nyingi hufanya kazi vyema pembe ya safu za mbele ikiwa kati ya digrii 15 na 23, na za nyuma zikiwa na pembe hiyo hiyo au pungufu kidogo. Pembe hii hupimika bila kifaa maalumu. Nyosha kamba ikate mwelekeo wa trekta kwa pembe mraba, ikianzia kwenye ncha ya safu, kisha pima mita 1 kando ya kamba na uone safu imeachana nayo kwa kiasi gani. Sentimita 27 ni karibu digrii 15; sentimita 36 ni karibu digrii 20. Mara nyingi mkulima hushangaa kukuta sentimita 12, na pini ya kurekebishia imeshikwa na kutu mahali ilipowekwa siku ya kwanza. Ilegeze kwa mafuta, uisogeze tundu moja, ujaribu mita 50, kisha tundu jingine ikibidi. Usiruke moja kwa moja hadi tundu la mwisho, kwa kuwa pembe kubwa hulilemea trekta na kuacha matuta.

Tatu, angalia kama fremu imelala sawa. Haro iliyoning'inizwa kwenye pointi tatu za trekta ikiinama mbele, safu za mbele huzama na za nyuma huelea, na ikiinama nyuma huwa kinyume chake. Urefu wa kiungo cha juu, yaani fimbo ya juu kati ya pointi hizo tatu, ndio unaorekebisha jambo hilo. Kwa haro ya kukokotwa, hakikisha pia magurudumu ya kusafiria yamepandishwa kabisa. Nimeona haro ikishindwa kuzama nusu siku nzima kwa sababu tairi moja lilikuwa bado linabeba uzito.

Nne ni mwendo. Trekta likienda kasi mno, diski huanza kuruka. Pima mita 100 na uhesabu sekunde: sekunde 60 ni kilomita 6 kwa saa, sekunde 45 ni kilomita 8, na sekunde 36 ni kilomita 10. Ukiwa chini ya sekunde 36 na haro haizami, punguza mwendo kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

Tano ni ukingo wa diski. Ukingo ukiwa mnene na wa mviringo kama mdomo wa sufuria, hauwezi kukata. Diski inaweza kunolewa kwa kufuata mteremko wake wa asili, ambao kwa kawaida uko upande wa mgongo uliobinuka, lakini isiachwe ipate moto hadi chuma kigeuke samawati, maana hapo ugumu wake umekwisha kuondoka. Fahamu pia kwamba diski hufanya kazi vizuri hadi kina cha karibu robo ya kipenyo chake. Iliyokuwa sentimita 56 ilipokuwa mpya ilifaa kwenda sentimita 14. Ikichakaa hadi 44 itafaa kwenda 11, na kabla hapajafika hapo, bushi zinazotenganisha diski zitakuwa zinaburuzwa kwenye udongo.

Baada ya hayo yote ndipo lije suala la uzito, na hapa ndipo uboreshaji wa kweli unapoweza kufanyika. Gawanya uzito wa haro kwa idadi ya diski. Haro ya kilo 500 yenye diski 20 inaikandamiza kila diski kwa kilo 25 tu, na hizo ni chache kwa udongo mzito. Njia nzuri ni kutengeneza sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti juu ya mihimili mikuu, katikati, ili safu zote zigawane mzigo. Sanduku lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 30 na kimo cha 20 hubeba karibu kilo 95 za mchanga mkavu, au zaidi ya kilo 140 za zege. Mchanga katika magunia ni bora kuliko zege, kwa kuwa unaweza kuondolewa udongo ukiwa laini. Lisichomelewe, lifungwe kwa bolti, ili lisiuzuie muhimili kujikunja kidogo pale unapotakiwa kujikunja.

Mtu asiwe uzito. Ni kawaida kumwona taniboi au hata watoto wa shamba wameketi juu ya haro ikiwa kazini, na mwenye shamba anaona amepata kilo 60 za bure. Haro ikigonga kisiki, aliyeketi juu huanguka mbele ya diski au katikati yake, na dereva hasikii kitu kwa kelele za injini. Ukikuta dereva anayeruhusu jambo hilo, msimamishe kazi saa hiyo hiyo.

Dalili ya pili: madongoa makubwa yanabaki

Haro inazama, lakini nyuma yake kumebaki madongoa ya ukubwa wa kichwa. Mara nyingi sababu ni muda uliopita kati ya kulima na kupiga haro. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa Ahero, Nyando na tambarare yote ya Kano, dongoa lililogeuzwa na plau likiachwa juani siku kadhaa hugeuka tofali. Udongo huo huo ukipigwa haro ungali mbichi hunata, hukandamizwa, na kukauka ukiwa vipande vigumu zaidi ya awali. Kati ya hali hizo mbili kuna dirisha jembamba. Chukua udongo wa kina cha sentimita 10, uufinyange kiganjani, kisha uudondoshe kutoka usawa wa kiuno. Ukitawanyika vipande vidogo, ingiza haro. Ukitua kama donge zima lililobonyea, subiri. Ikiwa haufinyangiki kabisa, umechelewa. Subiri mvua au uwe tayari kupita zaidi ya mara moja.

Sababu ya pili ni mwendo mdogo mno, kwa sababu diski huhitaji kasi kidogo ili kulirusha na kulipasua dongoa. Ya tatu ni kwamba nafasi kati ya diski ni kubwa kuliko kazi inavyotaka: haro nzito zilizoundwa kung'oa visiki vya miwa huko Muhoroni na Chemelil zina nafasi pana, na hazikukusudiwa kutayarisha kitalu cha mbegu ndogo.

Uboreshaji wa bei nafuu kuliko yote ni kuburuza kitu nyuma ya haro. Kipande cha reli au gogo lililonyooka, lililofungwa kwa minyororo miwili ya urefu sawa, huvunja madongoa yaliyobaki na kusawazisha uso kwa safari ile ile moja. Kwa mwenye uwezo zaidi, fundi anaweza kutengeneza rola ya fito za chuma zilizochomelewa juu ya magurudumu matatu ya bamba. Hufanya kazi nzuri sana kwenye udongo mwepesi wa volkano wa Nakuru, lakini kwenye udongo unaonata wa Kano hujaa matope na kuwa pipa linaloviringika.

Kupita mara nne au tano ili madongoa yaishe kuna gharama yake. Diski hulegeza juu na kukandamiza chini, na miaka ikipita hujengeka tabaka gumu ambalo mizizi ya mahindi hugeuka pembeni inapolifikia. Ile nondo yako italigundua: huteremka bila shida, hugoma ghafla kwenye kina kile kile kila unapodunga, kisha ikilazimishwa hupenya tena kwa urahisi. Hapo dawa ni jembe la kupasua lenye ncha ndefu, wakati wa kiangazi. Haro haina msaada tena. Hali kadhalika gugu la sangari: diski huikatakata vipande, na kila kipande chenye kifundo huota. Shamba lililojaa sangari linataka haro ya meno ya springi, inayoivuta mizizi juu ikaukie juani.

Dalili ya tatu: mfereji au tuta linabaki katikati

Dalili hii ni ya haro ya safu nne. Mfereji katikati maana yake ni kwamba udongo uliorushwa nje na safu za mbele haukurudishwa wote. Safu za nyuma zinaelea, au pembe yake ni ndogo mno. Refusha kiungo cha juu kidogo ili nyuma ishuke, kisha ongeza pembe ya nyuma kwa tundu moja. Tuta katikati ni kinyume chake: safu za nyuma zinarudisha kupita kiasi, au diski zake za ndani zimekaribiana mno. Trekta lisimame baada ya mita 50, ushuke, uweke ubao mnyoofu kukata njia ya haro, na utazame mwanga unaopita chini yake. Macho ya dereva aliyeketi juu hayatoshi kwa kazi hii.

Ikiwa hata baada ya marekebisho kunabaki mstari mwembamba usioguswa katikati ya safu mbili za mbele, huo ni upungufu wa muundo. Jino moja la springi lililofungwa kwenye muhimili, katikati kabisa, huumaliza.

Dalili ya nne: haro inavuta upande

Kila safu inayorusha udongo kulia husukumwa kushoto, na inayorusha kushoto husukumwa kulia. Misukumo hiyo ikitofautiana, haro huhama kuelekea upande mmoja na dereva hupigana na usukani siku nzima. Kagua kwanza kama mikono ya chini ya trekta ina urefu sawa na minyororo yake ya pembeni imekazwa sawasawa. Kisha linganisha kina cha safu ya mbele na ya nyuma, hasa kwa ofseti, maana safu iliyozama zaidi ndiyo inayoshinda. Kisha pima vipenyo vya diski. Kuchanganya diski mpya za upande mmoja na zilizochakaa za upande wa pili huleta taabu hii hii, na ni kosa linalofanywa na wengi wanaonunua diski mbili mbili kila msimu.

Kwenye miteremko ya Mau Narok na Molo, haro itateleza kuelekea chini hata ikiwa imepangwa vizuri. Ofseti nyingi zina matundu kadhaa ya kuhamisha sehemu ya kukokotea. Ikiwa yako haina, bamba nene lenye matundu yaliyoachana kwa sentimita 5 linaweza kutengenezwa na kufungwa kwa bolti kwenye ulimi wa haro.

Dalili ya tano: udongo na mabua yanajaa kati ya diski

Udongo ukiwa mbichi, toka shambani. Hilo ni jibu la nusu ya malalamiko haya.

Kwa nusu nyingine, tazama skrepa, yaani vile vibamba vinavyokwangua udongo kwenye uso wa diski. Ukingo wake unapaswa kuachana na diski kwa milimita 3 hadi 6. Vikigusa, vinakula diski. Vikiwa mbali zaidi, udongo hujibana katikati na kukauka pale kama sementi. Zungusha safu kwa mkono duara nzima unapopima, kwa kuwa diski iliyopinda kidogo hugusa upande mmoja tu. Skrepa zilizokwisha hutengenezeka kwa urahisi kutokana na springi za lori, na ni vyema tundu la bolti liwe refu badala ya duara, ili skrepa isogezwe kadiri inavyolika.

Mabua ya mahindi yakiziba, safu za mbele ziwekewe diski zenye meno ukingoni, ambazo hulishika bua na kulikata, na za nyuma zibaki na diski laini za kawaida. Kukata meno hayo wewe mwenyewe kwa gesi hakushauriwi, kwa sababu moto huharibu ugumu wa chuma kuzunguka kila mkato, na nyufa huanzia hapo.

Dalili ya sita: kelele, diski zinazocheza, beringi zinazokufa

Gonga kila diski kwa nyundo ndogo haro ikiwa imeegemezwa juu ya magogo. Iliyokazwa hulia kwa sauti kavu. Iliyolegea hulia kama debe. Mara nyingi nati kubwa ya mwisho wa shafti, yaani fimbo inayobeba diski za safu moja, ndiyo iliyolegea. Ikilegea, diski na bushi huanza kusagana, tundu la mraba la diski hugeuka duara, na hatimaye shafti yenyewe hulika pembe zake. Kwa hiyo kwenye haro mpya, au baada ya kubadilisha diski, nati hiyo ikazwe tena baada ya saa chache za kwanza za kazi, kisha kila asubuhi igongwe na kusikilizwa. Kufuli ya nati isiwe waya wa ua uliosokotwa. Bamba la kukunja ukingo au pini inayopita kwenye tundu la shafti ndiyo kufuli halali. Na fundi akikushauri achomelee diski kwenye shafti ili "zisicheze tena kamwe", mshukuru na uondoke. Siku diski moja ikipasuka, utanunua safu nzima.

Beringi hukaguliwa kwa mtaimbo. Ingiza ncha yake chini ya shafti karibu na beringi, uinue taratibu, uone kama shafti inacheza, kisha izungushe kwa mkono usikilize kama inakwaruza. Beringi ikifa, swali la kwanza lisiwe bei ya nyingine. Liwe: iliyokufa iliuawa na nini? Nilipofungua moja kutoka upande wa Ahero, ambayo mwenyewe alikuwa ameibadilisha mara tatu katika msimu mmoja, nilikuta nyuma ya sili, ile pete inayozuia uchafu usiingie, uzi wa plastiki wa gunia la mbolea. Ulikuwa umejizungusha hadi ukawa pete ngumu, umeyeyuka kidogo kwa joto, na rangi yake ya samawati bado ilionekana. Ulikuwa umeiinua midomo ya sili, matope yakaingia, na grisi ikageuka uji mweusi wenye changarawe. Zile beringi tatu hazikuwa na kosa.

Baada ya uzi na nyasi, sababu inayofuata ni grisi. Beringi zenye chuchu ya grisi zipakwe kila siku ya kazi, mpaka grisi safi ianze kuchungulia ukingoni, kisha usimame. Kupampu kwa nguvu kunaitoa sili mahali pake. Zilizofungwa kabisa kiwandani haziongezwi grisi. Uboreshaji unaolipa hapa ni kinga: bamba la milimita 5 lililokunjwa na kufungwa mbele ya nyumba ya beringi, lenye nafasi ya kutosha kusafishwa kwa kisu kila jioni.

Dalili ya saba: fremu au diski inapasuka

Ufa kwenye fremu huanzia karibu na mahali palipochomelewa au palipotobolewa. Kabla ya kuuziba, tafuta kilichouleta, na kinachoongoza ni kugeuza trekta mwisho wa shamba haro ikiwa bado ardhini. Wakati wa kugeuka haro iinuliwe, bila kujali haraka ya dereva anayelipwa kwa ekari. Visiki na mawe hufuata. Uzito ulioongezwa ovyo huja wa tatu.

Ufa mfupi kwenye muhimili wa pembeni unaweza kurekebishwa na fundi mzoefu. Atoboe tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, asage mfereji wa V, achomelee, kisha aweke kiraka chenye ncha zilizochongoka mfano wa almasi. Kiraka cha mraba huhamishia mkazo kwenye mstari mmoja, na fremu hupasuka tena kando yake. Haro itenganishwe na trekta kwanza, na klampu ya ethi, yaani kibanio cha waya wa kurudishia umeme, ifungwe karibu na panapochomelewa, ili umeme usipite kwenye beringi na kuziunguza.

Diski yenye ufa haichomelewi. Chuma chake kimefanywa kigumu kwa moto na kupozwa kwa utaratibu. Moto wa kuchomelea hukifanya kiwe kama kioo, na kipande kinaweza kuruka kikiwa kazini. Ibadilishe. Ikiwa ufa uko kwenye muhimili mkuu, kwenye ulimi wa kukokotea au mahali pini za trekta zinapoingia, simama hapo na uipeleke kwa mtaalamu wa zana za kilimo mwenye karakana kamili.

Dalili ya nane: trekta linakuwa jepesi mbele, au haidroliki haishikilii

Haro ikiinuliwa na usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli, magurudumu ya mbele hayana uzito wa kutosha. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta ibaki kwenye ekseli ya mbele. Ongeza vyuma vya uzito mbele, au ondoa magunia ya mchanga kwenye haro kabla ya safari. Ikiwa haro iliyoinuliwa inashuka yenyewe polepole, kagua mafuta na viungio vya nje tu. Ndani ya haidroliki ni kazi ya fundi wa trekta. Usitafute uvujaji kwa kupitisha mkono kwenye mpira ulio na presha. Tumia kipande cha kadibodi. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi, na aliyechomwa hivyo apelekwe hospitali mara moja hata kama jeraha linaonekana dogo.

Haro ya meno ya ng'ombe

Haro ikirukaruka, kagua mnyororo kabla ya yote. Mnyororo mfupi huinua mbele ya haro. Ukirefushwa, haro hutulia na meno huingia zaidi. Ikiwa hilo halikutosha, gogo dogo lifungwe juu ya fremu.

Ikiwa inaacha mistari mipana isiyoguswa, hesabu alama zake kwenye udongo uliolainika. Haro yenye meno 20 inayoacha mistari 10 ina meno yanayofuatana nyayo, na hilo ni kosa la kuchora, la kawaida kwenye haro zilizotengenezwa kwa kukisia. Kwa upana wa mita 1, weka mihimili minne yenye meno matano kila mmoja, yakiachana kwa sentimita 20 ili nyasi na madongoa yapite, na kila muhimili usogezwe pembeni kwa sentimita 5 kutoka ule ulio mbele yake. Hapo kila jino litachora mstari wake.

Meno yakipinda, yametengenezwa kwa nondo ya ujenzi, ambayo ni laini mno. Yakikatika kama kaa la moto lililozimwa, yametengenezwa kwa springi ya lori iliyopashwa moto ikatumbukizwa majini na kuachwa hivyo hivyo. Springi ni chuma kizuri kwa kazi hii, mradi jino lizimwe kwenye mafuta badala ya maji, kisha lipashwe tena kwa moto mdogo mpaka ncha iliyosuguliwa igeuke samawati, na liachwe lipoe lenyewe. Mafuta yanaweza kushika moto wakati wa kuzima chuma, kwa hiyo yawe ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko, nje ya kibanda, na kazi yenyewe afanye mhunzi au fundi wa jua kali aliyeizoea. Mwambie atengeneze jino moja kwanza, ulibane kwenye jiliwa, ulipige nyundo nzito mara kadhaa. Lisipopinda wala kukatika, ndipo ayatengeneze hayo mengine 19.